Mwingereza, Mfaransa na Mimi kwa Lifti

Wasee, leo nimekwama kwa lifti karibu saa nzima na watu wawili wenye simu, na hakuna aliyetaka kupiga.

Mimi ni soja, yaani mlinzi, wa jengo moja hapa Lusail, ughaibuni. Mwingereza ndiye msimamizi wa jengo. Mfaransa ndiye mkubwa wa kampuni iliyoweka lifti. Nawapeleka juu kukagua, lifti ikagoma katikati.

Simu yangu iko getini. Masoja haturuhusiwi simu kazini.

"Piga wewe, lifti ni yako," Mwingereza akasema.

"Jengo ni lako, piga wewe," Mfaransa akajibu.

Kumbe anayepiga ndiye amekubali kosa!

Joto likapanda. Wakaingia vita vya mababu zao, nani alimpiga nani, mfalme wa nani alitoroka. Mimi katikati, jasho mpaka kwa soksi.

Mwingereza akanigeukia. "Wewe Mkenya, si sisi ndio tuliwajengea reli? Mwambie!"

Jameni, huyo ndiye husaini likizo yangu.

Nikaanza kugonga mlango kwa ngumi hadi fundi mmoja Mnepali akasikia, akatufungua.

Sasa sikieni. Wale wawili wakatazamana, wakasalimiana kwa mkono, wakaketi kuandika ripoti moja. Mara ya kwanza wanakubaliana kitu.

Sababu ya kuchelewa kuokolewa: soja hakuwa na simu.

Nimepewa kalamu nisaini. Wote wawili wamesimama hapa wakiningoja.

Wewe ungesaini?