Kuku wa Pembeni

Karani wa bac, kivuko cha kwenda Lubunga, ana mikono ya kuchora, na muhuri unamchosha upesi. Akisha kugonga tiketi kumi anachomoa penseli kwenye mfuko wa koti lake la abacost, anageuza fomu kuukuu na kuuliza dirishani: "Bon, leo nani anataka kupika nini?" Foleni yote inasogea. Wanawake wasiosoma anawachorea mapishi: majani ya muhogo, pondu, kwenye kinu, chupa ya mawese, konzi ya karanga, na mioto mitatu, maana yake ichemke masaa matatu. Mwisho, kwa raha yake tu, anatia kuku pembeni, akidonoa.

Jumatatu moja Mama Delphine alishuka bac na sufuria kichwani, akaitua mbele ya dirisha. "Papa karani, nilifuata yote. Hata kuku nilichinja, ile yenye kutaga."

"Kuku gani, mama?"

Akakunjua karatasi, akaweka kidole pembeni. Karani alilamba ncha ya penseli, kama afanyavyo akikwama, kisha akachovya kijiko. Akatafuna. Akachovya tena, macho kayafumba. "Mama, ni mimi nilikosa. Nilimuacha inje ya sufuria!" Akamchora upya, kichwa kikichungulia chini ya kifuniko, na kijiko kikapita mkono kwa mkono hadi bac ikapiga honi bure.

Jumapili karani alivuka mwenyewe, tetea hai kwapani, kumrudishia. Siku hizi pembeni anachora paka. Mama Delphine ameshamuuliza mara mbili, akicheka, paka anaingia sufuriani saa ngapi.