Nilivyokula Sheria ya Babeli

Kabla ya mambo haya, Babeli kwangu ilikuwa mnara na watu waliopotezana lugha. Nimelelewa kwenye kwaya, na kwaya haikunifundisha zaidi ya hapo. Kwamba Babeli ilikuwa pia na mahakama nilikuja kujua jikoni, Riyadh, mtaa wa Nasim, nikikwaruza masufuria ya wali, kwa sababu binti wa nyumba alikuwa na kazi ya shule na hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza.

Binti alikuwa na miaka kumi na saba na mdomo usiochoka. Tulielewana kwa Kiarabu changu cha jikoni na Kiingereza chake cha televisheni. Siku ya kwanza alinieleza jinsi watu wale wa kale walivyoamini binadamu aliumbwa. Miungu wadogo walikuwa wakiwachimbia mifereji miungu wakubwa, miaka nenda miaka rudi, mpaka wakachoka, wakachoma majembe yao na kwenda kuizingira nyumba ya bosi. Kuumaliza mgomo, wakubwa wakamchinja mungu mmoja, wakachanganya damu yake na udongo, wakafinyanga mtu ili awe ndiye wa kufanya kazi.

"Yaani kadama," nikasema. Ndivyo tunavyoitwa huku, sisi wafanyakazi wa nyumbani.

"Wallahi, kadama wa kwanza," akasema, akaandika kwenye daftari.

"Na yeye aligoma?"

"Hapana. Watu walizaana wakapiga kelele. Mungu mkubwa akakosa usingizi, akaleta gharika."

Nikaanza kuziweka sufuria polepole, maana madam alikuwa amelala chumba cha pili.

Siku ya pili akaniletea picha ya mfalme wao, mtunga sheria. Alikuwa amechongwa kwenye jiwe, kasimama mbele ya mungu wa jua, anapewa mamlaka ya kuhukumu ili mwenye nguvu asimwonee mnyonge. Nilimpenda mfalme huyo mpaka tulipofika kwenye jicho kwa jicho. Nikamwambia binti hiyo ni ya Musa. Akanijibu kwamba mfalme alimtangulia Musa. Nilikasirika kwa niaba ya Musa, nikasugua sahani moja mpaka ua lake likaanza kufifia. Tena kumbe jicho kwa jicho ilikuwa ya waungwana wao kwa wao. Mtumwa aking'olewa jicho, analipwa bwana wake, nusu ya bei.

"Mimi ningekuwa fungu gani?" nikamuuliza.

Akatazama simu yake. Akasema atanitafutia.

Wiki hiyo nilikuwa na jambo langu. Familia ilikuwa inakwenda Jeda kwa likizo ya shule, na madam alikuwa ameniahidi Ijumaa nzima na dada yangu, anayeishi Mahjar, mtaa wa huko Jeda. Miaka minne tulikuwa nchi moja na tulionana kwenye simu tu. Riyadh na Jeda si pua na mdomo. Gauni nilikuwa nimeshalipiga pasi. Nilimtumikia madam kwa adabu iliyopitiliza, hadi mwenyewe akaanza kunishuku.

Ndipo binti akanunua udongo wa mfinyanzi. Akatengeneza kibao cha sheria, ukubwa wa kitabu changu cha nyimbo, akakichoma alama za mwandiko wao wa kale kwa kijiti cha mishikaki, kisha akakiacha dirishani kikauke. Asubuhi nilikiinua nipanguse chini yake. Kilikuwa bado na unyevu, na harufu yake ilikuwa ya shamba mvua inapoanza. Nilipokuwa na mimba ya mwisho sikupita sokoni bila kununua odowa, ule udongo wanaouziwa kina mama wajawazito. Mimba iliisha, hamu ikabaki. Nikasema nilambe tu, kona ya chini. Kona ikakatika. Sasa kona iliyokatika utairudishaje? Nikaila. Upande ule ukawa umekaa vibaya, nikausawazisha kwa meno. Nilijua ni kosa, na lilikuwa tamu.

Binti alipokiona alilia kwa sauti, kwa sababu kilitakiwa shuleni kesho yake. Madam akaja. Akauliza nani. Mkenya akibanwa ana neno moja tu.

"Haki, madam," nikasema. "Haki mimi sijui. Haki ya Mungu."

Nilikuwa naapa, tena naapa uongo. Ila kwa Kiarabu cha pale, mtu akisema "hagi" anasema "changu". Alichosikia madam ni kwamba kibao ni changu, sijui, ni changu cha Mungu.

"Chako?" akauliza.

"Haki, madam."

"Udongo wa binti yangu, ndani ya nyumba yangu, ni wako?"

"Haki kabisa."

Kila nilivyozidi kuapa ndivyo nilivyozidi kujimilikisha. Mwishowe akasema, "Halas. Jeda mafi, hakuna. Utabaki na mama kabira." Mama kabira ni bibi wa nyumba ile, mama mzazi wa baba, ambaye hasafiri tena.

Nilirudi jikoni nikalia, wala sioni haya kusema. Dada yangu alikuwa ameshabadilishana zamu ili Ijumaa mchana iwe yake, na ningemwambia nini? Kwamba nimeila Ijumaa yetu?

Baba wa nyumba aliporudi kutoka kazini, binti akaipeleka kesi sebuleni. Neno langu alikuwa amelisikia jikoni mara mia. "Kwao haki ni haki yenyewe, baba. Alikuwa anaapa." Baba akamgeukia mkewe, akacheka. "Kumbe anadai haki, wewe unasikia anadai mali."

Hapo ningenyamaza ningekuwa nimeshinda. Lakini nilikuwa nimemtaja Mungu, na wangu halali usingizi.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Nimekila."

"Umekula nini?"

"Kibao."

Alinitaka nirudie. Nikarudia kwa Kiarabu, nikarudia kwa Kiingereza, kisha nikamwonyesha meno.

Mama kabira alikuwa kwenye kona yake na tasbihi. Akataka aelezwe, akaelezwa. "Ulikuwa mtamu?" akaniuliza.

"Mtamu, mama."

"Mimi nikiwa na mimba ya huyu," akamnyooshea baba kidole, "nilikula ukuta. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa ya udongo. Niliubandua mpaka jirani akatusalimia kwenye tundu. Huyu mnayemwona amekaa hapo ni ukuta mtupu."

Baba akaacha kucheka. Mama kabira akahukumu: nitengeneze kibao kingine, na Jeda niende, kwa sababu yeye hahitaji mlinzi. Madam akakata rufaa kidogo, Ijumaa ikapunguzwa ikawa mpaka alasiri.

Nikakanda udongo kama unga wa chapati, binti akawa anachoma alama. Alipofika kona ya chini akasimama.

"Hapa palikuwa na sheria ya mwisho," akasema. "Sikukusomea."

"Inasemaje?"

"Mtumwa akimwambia bwana wake, wewe si bwana wangu, akatwe sikio."

Nikashika sikio. Katika sheria zote za mfalme yule, nilikuwa nimechagua ile bila kujua. Binti hakucheka, alikuwa ameona aibu, na nilimpenda kwa aibu hiyo.

"Tuandike nini?"

"Mwalimu wako anajua kuzisoma hizi nyayo za kuku?"

"Hapana."

"Basi andika kadama apewe Ijumaa."

Akaandika. Ilimchukua mistari miwili.

Ijumaa baba alinishusha Mahjar saa nne asubuhi. Dada yangu alifungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Umenenepa." Kisha akanikumbatia asiniachie. Alikuwa ametoka moja kwa moja kazini, kusafisha hospitali usiku kucha, maana zamu aliyobadilishana ndiyo hiyo. Tulikula wali na kuku sakafuni. Nilikuwa na maneno ya miaka minne, nikaanza na kesi yangu ili acheke. Nilipofika kwenye miungu kuchoka na kuchoma majembe, kichwa chake kilikuwa pajani kwangu na alikuwa amelala.

Sikumwamsha. Nilikaa nikiziangalia mvi zake, ambazo kwenye simu hazionekani, mguu wangu ukafa ganzi, adhana ya alasiri ikapita. Honi ya baba ilipolia chini nilimwekea mto taratibu, nikashuka ngazi viatu mkononi.