Mabaki ya Kitenge Yaliyozaa Wimbo Usiokuwepo

Saa nne asubuhi, Saint-Josse, Brussels. Nje mvua nyembamba inanyesha, tramu inapita na vioo vya duka vinatetemeka. Ndani, Bibiane Nabintu ameshika pini kwa meno, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Mbele yake amesimama mwanamke mrefu aliyejitanda mtandio, mikono ameinyoosha pembeni.

"Maman Mwanakombo, usitikisike," anasema fundi bila kufungua meno. "Nitakuchoma."

"Nichome tu. Daktari naye anangoja zamu yake."

Wanacheka wote wawili, ila kicheko hakidumu.

Mteja huyo ni Mwanakombo Saidi, mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, mwimbaji ambaye Warundi wa mji huu hawajui kuozesha bila sauti yake. Alhamisi ijayo anapasuliwa uvimbe wa koo. Madaktari wamemweleza waziwazi kwamba uvimbe utatoka, ila sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Kabla ya hapo ana harusi moja ya kuhudhuria, Jumamosi, na ndiyo sababu yuko hapa.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Muulize Mswahili yeyote wa Brussels kuhusu Mwanakombo, hatakutajia nyimbo alizoimba. Atakutajia ule ambao hakuimba.

Wimbo huo unaitwa "Taa za Ng'ambo". Inasemekana aliuimba pamoja na Bienaimé Lukusa, nyota wa rumba kutoka Uvira, yule wanayemwita Grand Calme, yaani Mtulivu Mkuu. Uvira na Bujumbura zinatazamana, ziwa likiwa katikati, na giza likiingia watu wa huku huziona taa za kule. Kwa hiyo hata jina lenyewe linaingia akilini. Yupo anayeapa kwamba aliusikia ndani ya gari la shemeji yake. Yupo anayedai alipiga ngoma siku ya kurekodi, kwenye studio fulani ya chini ya ardhi kule Schaerbeek. Mwandishi wa makala haya alimtafuta mpiga ngoma huyo mpaka akampata. Alikiri kwamba hajui kupiga ngoma, ila "roho yake ilikuwepo". Haya!

Wimbo haupo. Wawili hao hawajawahi hata kukaa chumba kimoja. Na anayejua uvumi ulianzia wapi ni fundi huyu mwenye pini mdomoni, ambaye wala hajawahi kuficha.

"Minaambiaka batu tangu zamani," anasema. "Ile ilikuwa tu kitenge. Banacheka. Banasema, Maman Bibiane, wewe unachunga siri za bakubwa. Siri gani? Miye nashona manguo!"

Bibiane alizaliwa Kadutu, Bukavu, na cherehani alifundishwa na masista. Vita vilipomfukuza alishuka stesheni ya Gare du Midi na mtoto mgongoni, mkasi wake ameufunga ndani ya soksi ili usitoboe begi. Alianza kwa kukunja pindo za suruali za majirani jikoni kwake. Leo ana duka. Gauni la kitenge la harusi analishona kwa "cent vingt", yaani euro mia na ishirini, na miezi ya baridi, harusi zinapopungua, anarudi kwenye zipu na mapindo bila kunung'unika.

Mwaka 2006 Bienaimé alimletea kitenge cha bluu chenye picha za feni za mezani, kipande cha mwisho kilichobaki katika duka moja la Matonge, mtaa wa Wakongomani hapa Brussels. Alitaka koti la jukwaani. Koti likaisha, kitambaa kikabaki kingi. Kwa mafundi wa Kivu, mabaki ambayo mwenyewe hakuyadai huwa ni ya fundi. Wiki ile ile Mwanakombo akaingia dukani, akayaona juu ya meza, akayapenda. Akashonewa gauni.

"Nilimuuliza Tonton Bienaimé kama anataka ile ilibakia," anasema Bibiane. "Akasema, chukua. Donc, nilichukua. Kosa iko wapi?"

Watu wengine wangesema nguo zimefanana, basi, yakaisha. Kwetu hayaishi hapo. Ndugu wa bibi harusi huvaa sare, wafiwa huvaa sare, wanakwaya na vyama vya akina mama vilevile. Wawili wakitokea na kitenge kimoja, tena kisichopatikana popote mjini, wametangaza kwamba wako pamoja. Bienaimé alivaa koti lake kwenye tamasha. Mwanakombo akavaa gauni lake siku ya Idi. Mtu fulani akaziweka picha hizo mbili ubavu kwa ubavu, na kabla wiki haijaisha wimbo ulikuwa umeshapata jina. Mtangazaji mmoja wa redio ya mtaani akaongeza chumvi yake: si wimbo, ni albamu nzima.

Ungedhani uvumi mtamu namna hiyo ungewakutanisha wenyewe. Wapi! Ndio uliowatenganisha. Mwanakombo aliamini ni Bienaimé aliyeueneza, akitafuta mashabiki wa Burundi. Bienaimé naye, alipoulizwa na mwandishi kwa simu, hakuwa "calme" hata kidogo.

"Ule maman alitaka jina kwa Bakongomani," alifoka. "Point. Apige yeye simu, aombe pardon."

Mwanakombo anasema maneno hayo hayo, akigeuza tu jina la mkosaji. Basi simu haikupigwa. Wote wawili wakabaki wateja wa Bibiane, kila mmoja na siku yake, wakisengenyana mbele ya kioo kimoja. Na kila mmoja ameshaelezwa habari ya mabaki, si mara moja.

"Hawakubali," fundi anasema. "Muntu mukubwa vile, umwambie jina yake ilichafuka juu ya kipande ya kitenge? Anaona unamutukana."

Mwanakombo anamtazama kupitia kioo. "Bibiane ni mwema, anamsitiri yule bwana. Kitambaa tu? Kitambaa kina redio?"

Kisha anashusha mikono na kusema jambo ambalo fundi mwenyewe hakuwahi kulisikia.

"Watu wameniomba wimbo huo kila harusi. Kila harusi! Mwisho kiitikio kikanijia chenyewe, siku moja nikiosha vyombo. Sijakiimba mbele ya mtu. Nikiimbe na nani? Kina sauti mbili."

Anafumba mdomo na kukipitisha puani, polepole. Kinapanda, kinasimama kidogo, kinashuka. Mkasi wa Bibiane umetulia hewani.

"Pale juu," anasema Mwanakombo akigusa koo, "baada ya Alhamisi sijui kama nitapafikia tena. Naogopa, jamani. Kweli naogopa."

Anapoondoka, Bibiane anafunga mlango. Halafu anavuta pazia la stoo ya nyuma, ambamo wateja hawaingii. Ndani limetundikwa koti la kiume: kitenge cha kijani chenye picha za vikombe vya chai. Ndicho kitambaa cha gauni ambalo Mwanakombo amelivua sasa hivi. Bwana harusi, Noé, ni mtoto wa Uvira, na Bienaimé amealikwa. Bibi harusi ni Jémima, na mama yake ni jirani wa Mwanakombo. Waimbaji hao wawili, kila mmoja kivyake, walimwachia fundi awachagulie kitambaa.

"Mara ya kwanza sikukusudia, batu banasema nilikusudia," anasema. "Bon. Safari hii nimekusudia."

Je, wakikasirika? "Batafute fundi mwingine," anajibu haraka, kisha sauti inalegea. Hao ndio wanaomletea wateja wengine. Wakimgeuka, nusu ya harusi za mji zinamgeuka. "Najua. Usiku silale. Lakini sauti ya ule maman inaenda kukatwa na miye nikae naangalia tu?"

Akaomba makala haya yasitoke kabla ya harusi. Ombi limeheshimiwa.

Jumamosi alasiri, ukumbi mmoja wa Schaerbeek. Mwanakombo ameshaketi Bienaimé anapoingia na fimbo yake, taratibu kama kawaida yake. Watu wa meza za mlangoni wanageuza shingo kwanza. Kisha vigelegele, kisha simu zote ziko juu.

Bienaimé analitazama gauni. Anautazama mkono wa koti lake. Analitazama tena gauni. Halafu anaanza kucheka, anacheka mpaka anakohoa.

"Eko wapi Maman Bibiane?" anapaza sauti. "Donc ilikuwa kweli! Kitenge tu!"

Mwanakombo hacheki. Anasimama, anamwendea, anaushika mkono wa koti na kuupapasa kwa vidole kama mnunuzi anayekagua bidhaa.

"Miaka yote hii nilikuwa nakutukana bure," anasema.

"Na miye, maman. Nilikutukana sana."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, na Lingala. Lugha moja haikutosha."

Hapo ndipo Mwanakombo naye akacheka, na machozi juu. Wakakaa meza moja. Mshereheshaji aliwaita jukwaani, akawaita tena, wakakataa. Daktari alimkataza Mwanakombo kupaza sauti, na Bienaimé alisema hapandi peke yake. Watu walinung'unika kweli kweli. Bendi ikaendelea kupiga.

Kilichofuata kina shahidi mmoja tu. Pindo la gauni la Mwanakombo lilifumuka, na wapo wanaosema fundi mwenyewe ndiye aliyeacha uzi umelegea. Yeye halijibu hilo. Alipiga magoti kando ya meza na sindano yake, spika ikimngurumia mgongoni. Akamwona Mwanakombo akiinama sikioni kwa Bienaimé.

"Aliimba kile kiitikio," Bibiane anasimulia. "Sauti ya chini kabisa. Tonton alisikiliza, akafunga macho. Akakirudia naye, sauti ya pili ikaingia chini yake, mwaa! Aliijua wapi? Nililia pale chini kama mutoto. Sindano ikapotea."

Hakuna simu iliyonasa hata neno. Wageni walidhani wanazungumza.

Jumatatu asubuhi fundi anasimulia hayo kwa kila anayeingia dukani. Emmanuella, jirani yake mwenye saluni, anamsikiliza mpaka mwisho, kisha anampigapiga begani.

"Mais Maman Bibiane, hiyo ni habari ya zamani. Si baliimba tangu 2006?"

Bibiane anatupa futi mezani. "Ilipokuwa uongo, banasema ni kweli. Sasa ni kweli, banasema ni ya zamani! Miye nifanye nini na hawa batu?"

Hasira haimzuii kufanya kazi. Kitenge cha vikombe kimebaki kingi, na amekataa kumuuzia yeyote. Mbele yake amechora gauni jipya lenye kola ndefu, ya kufunika shingo hadi chini ya kidevu. Ni la Mwanakombo, la kuvaa akitoka hospitali, na habari zake ameshawapa wote wawili tangu jana.

"Sauti ni ya Mungu, sijue itarudi namna gani," anasema. "Lakini kovu sitaki batu balitazame. Atoke nyumbani akiwa mzuri, hata kama ataongea tu. Nataka atoke, ndiyo hiyo tu nataka."

Simu inaita. Bibiane anaibana kwa bega, mkasi ukiendelea kukata. Anaitikia, "Eeh, Tonton... eeh," kisha mkasi unasimama. Anauliza kitu kimoja, anasikiliza, anaiweka simu chini na kukaa kwenye kiti cha wateja.

Ni Bienaimé. Anataka shati la kitambaa hicho hicho, liwe tayari siku Mwanakombo atakapotoka hospitali. Ameulizwa mshono gani.

"Amesema nimuwekee kola ndefu," anasema Bibiane akifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Kama ya Maman Mwanakombo."