Dakika za Ndege Hadi Kumsenga

Shule niliiacha mapema, kusoma kwangu ni kwa kuburuza, lakini njia ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo naijua. Ujanani tuliipita kwa miguu na mizigo ya chumvi. Hakuna aliyekuuliza utafika saa ngapi. Ulifika ulipofika. Siku hizi kila mtu anataka saa, na saa yenyewe anaiuliza simu.

Sasa huyu mwanangu wa mwisho, anayefanya kazi Dar, alikuja likizo kuposa. Binti ni wa Kumsenga, huko Kibondo. Wakwe walishatuambia: kwao mtungi wa pombe ya ndizi huwekwa mlangoni, na mposaji ndiye anayeingiza mrija wa kwanza. Jua likipita utosini hajafika, wenyeji wanaingiza mirija yao, na posa imelala. Hawagombani na mtu. Wanakunywa tu.

Mdogo wangu alioa huko Kagerankanda, tukachelewa, wakatungoja. Lakini wale walikuwa wapole, na isitoshe baba mkwe alitafuta mtu wa kumsaidia kupalilia mihogo. Kumsenga si Kagerankanda.

Kwa hiyo alfajiri mimi nimeshavaa koti, jembe la posa nimelifunga kwenye kanga ya mama yake. Mposaji yuko kitandani.

"Amka, wewe!"

"Mzee, tulia. Nimeangalia kwenye simu. Kasulu na Kibondo ni dakika chache, hata maharage hayajatoa povu. Shangazi wa binti nimeshampigia, nimemwambia hivyo hivyo."

Nibishane na simu mimi? Akaoga, akanyoa, akapiga pasi shati. Akanywa chai, akaongeza nyingine. Chai mbili, siku ya posa!

Tukapanda gari dogo la kukodi. Tukaenda, tukaenda, maharage ya watu yakaiva na kuliwa. Mwanangu akaitazama tena simu yake.

"Baba, hii... kumbe ni muda wa ndege."

"Ndege gani?"

"Imepima tu, juu kwa juu."

"Wewe umewahi kuona ndege inapakia abiria Kasulu?"

Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo. Nikamwambia acheke huku anakanyaga mafuta.

Tulipoingia uani Kumsenga, jua lilishalala upande, na mirija ilishajaa mtungini, wazee wameuzunguka wananyonya bila haraka. Nikawasalimu, "Mwakeye!"

"Mwakeye gani saa hizi?" akajibu shangazi wa binti. "Hiyo ni ya asubuhi, mkwe."

Mwanangu akapiga magoti. "Shangazi, samahani. Simu ilinipa muda wa ndege."

"Si ungesema, baba! Tungetazama juu. Sisi tumekodolea macho barabara mpaka yanatoka machozi."

Wakacheka wote, hata mimi karibu nicheke kwa hasira. Binti alikuwa mlangoni pa jiko. Yeye hakucheka.

Nikamnyooshea shangazi jembe. Hakulipokea.

"Mtungi umekwisha, mkwe. Mkungu mwingine uko shimoni unaivishwa. Ukiiva tutakamua, tutawaita."

"Utaiva lini?" mwanangu akauliza, mkono unaelekea mfukoni.

"Iache hiyo simu!" nikafoka mbele za watu.

Likizo yake ilikuwa inakaribia kwisha. Nikamwachia jembe mikononi, na ile kanga, nikamwambia Kasulu harudi. Atafute pa kulala hapo hapo Kumsenga, na kila asubuhi aje kuwaamkia wakwe. Kazi ya Dar atajua mwenyewe.

Nikarudi na dereva, peke yangu. Bado anacheka.