Jengo la Mtu wa Likia

Shule ya jioni niliisoma miaka mingi hata mlinzi wa maegesho akanidhania mwalimu. Muhula wa mwisho nilibakiza somo moja tu, na madarasa yote ya maana yalikuwa yameshajaa. Lililobaki lilikuwa la maandishi ya kale. Mwalimu, bibi mmoja mwembamba anayeongea taratibu, alimgawia kila mwanafunzi neno moja la kukaa nalo muhula mzima. Mimi nikapewa la lugha ya Likia: prñnawa.

Litamke kama unaweza. Nililifanyia mazoezi nikiendesha gari kutoka Stafford, huku Marekani, hadi chuoni, na naapa kila kwenye taa nyekundu nilipangusa mate kwenye kioo cha mbele.

Likia ni ile ile ya Matendo ya Mitume, Paulo alikobadilisha meli akipelekwa Rumi. Leo iko Uturuki, pwani ya kusini. Watu wake walichonga makaburi kwenye majabali kwa umbo la nyumba, yenye milango na boriti, jiwe likijifanya mbao. Juu yake waliandika neno langu. Maana yake ni jengo, na kwa kuwa jengo lenyewe lilikuwa kaburi, ni kaburi pia. Ukilitia mkia mwingine linakuwa kitendo: prñnawatẽ, alijenga. Nilicheka peke yangu maktabani. Sisi neno tunaligeuza kichwani, wao mkiani, lakini mjenzi yule wa Likia na fundi wangu wa Moshi wangeelewana kabla chai haijapoa.

Maana na mimi nilikuwa na jengo. Mwanamume wa kwetu akifika Marekani, hata basi la kwenda kazini hajalijua, anaanza kujenga nyumbani. Langu ni ghorofa. Kila Jumamosi asubuhi fundi alituma picha, nami nilizipokea kama mtu aliyeletewa mjukuu. Ila mke wangu hakuzitazama. Siku ilipomwagwa zege ya ngazi alisema katika nyumba ile hatalala hata usiku mmoja. Yeye ni muuguzi, hurudi kazini miguu imevimba, nikachukulia ni uchovu unaoongea. Mwaka ukapita hajaifuta kauli, nami nikaanza kuogopa kwamba nitastaafu peke yangu, mimi na vyumba sita na mwangwi.

Jumamosi moja alikuwa mezani anachambua maharage. Nikaomba nifanye mazoezi mbele yake ya yale nitakayoyasema darasani. Nakiri nilikuwa na hila: nilidhani maandishi yale yangemlainisha. Nikasimama, nikasoma kwa sauti ya mchungaji siku ya Pasaka, kisha nikatafsiri.

"Jengo hili alilijenga fulani, kwa ajili ya mkewe na watoto wake."

Nikaeleza kwamba lada ni mke, na pale limeandikwa ladi, yaani kwa ajili ya mke. Nikasisitiza kuwa bwana yule alimtanguliza mkewe mbele ya watoto, juu ya jiwe, dunia nzima ione. Watoto wetu sebuleni wakanishangilia kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu. Yeye akatupa jiwe dogo pembeni ya sinia.

"Baba watoto, imeandikwa kama huyo mke aliulizwa?"

Nikapekua karatasi zangu zote. Haikuandikwa.

"Basi mwenzangu huyo namhurumia," alisema. "Lakini yeye aliingia amebebwa. Mimi unataka nipande zile ngazi na magoti haya, kila siku, mpaka nife."

Nikakaa. Halafu nikaleta ramani ya ghorofa, nikaitandaza katikati ya maharage, nikampa penseli. Alikuwa ameshaipanga kichwani zamani, maana hakusita. Chumba chetu akakishusha chini, jirani na jiko, dirisha likitazama mlima. Juu akawaachia wageni.

Nikampigia fundi, kwake ikiwa jioni. Akauliza kama ni mama mwenyewe aliyesema. Nikamjibu ndiye. Akasema afadhali, alikuwa akimsubiri tangu msingi.

Somo nilifaulu, na mwalimu alisema kwa matamshi nimempita binadamu yeyote aliye hai. Picha za Jumamosi siku hizi zinaingia kwenye simu ya mke wangu. Hulikuza dirisha lake mpaka lijae kioo kizima, nami husubiri zamu yangu nikichambua maharage.