Muuza Poda wa Kibirizi

Mwanamke anayeuza poda za mazoezi pale Kibirizi, wapenzi wangu, hatazami kopo upande wenye picha ya misuli. Huligeuza polepole kwenye mwanga wa ziwa unaoingia mlangoni, kidole kikipapasa maandishi madogo kama anayechagua kitenge. "Kafeini, yaani nguvu ya kahawa. Hii nyingine itakuwasha ngozi, usishtuke. Hapa wamesema mchanganyiko, vipimo wameficha. Hii siiuzi." Sauti yake ya chini, ukiisikiliza unasahau ulichofuata.

Jana jioni nimekaa dukani kwake, akaingia Nuhu, mchukuzi wa mizigo, anahema. "Mama, nipe kali kuliko zote. Kesho nashindana kunyanyua vyuma, na moyo unadunda hata nikikaa."

"Labda mapenzi," nikamtania.

Mama hakucheka. "Umetumia nini leo?"

"Kahawa. Poda ya rafiki yangu. Kahawa tena."

Akamshika kifundo cha mkono, macho yakaelea ziwani, midomo ikihesabu mapigo kimya. Ziwa nalo likawa kama limetulia kumsikiliza.

"Kesho hunyanyui kitu, mwanangu. Twende hospitali."

"Mama, nimejiandaa mwaka mzima!"

Akatoka naye vilevile, kamshika mkono, duka kaliacha wazi.