Kopo Lilikuwa Langu, Lawama Akabeba Mama Mkwe

Nimekosa! Nianzie hapo hapo, maana nikizunguka nitaghairi. Situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kwenda. Naomba mnisikilize bila kuniuliza jina.

Nilikuwa mke mgeni kule Ikuti, miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka ya Tukuyu yakajaa vitu ambavyo hatukuwahi kuviona. Mama mkwe alikuwa akitengeneza dawa ya vidonda vya watoto, ya nta na asali, anaiweka kwenye chungu kidogo. Kina mama walimletea watoto wao, naye hakumrudisha mtu.

Mimi nikaiona ya kishamba! Nikanunua pale Bulyaga, mjini Tukuyu, kopo jekundu lenye picha ya mama na mtoto, maandishi ya kigeni matupu. Muuzaji akasema, "Dada, hii inatibu kila kitu." Nikalificha chini ya kitanda.

Siku moja mama mkwe yuko shambani, binti yangu Tumpe akavuta sufuria ya chai, ikammwagikia mkononi. Jamani! Nikakimbilia kopo langu, nikampaka. Kumbe ilikuwa dawa ya kuchua misuli, ile inayowaka! Mtoto alilia kilio ambacho mpaka leo nakisikia.

Baba mkwe alikuwa nje. Sasa, kwetu mke hakutani na baba mkwe. Ukimsikia anakohoa njiani, unajitosa migombani. Siku ile aliingia jikoni hivyo hivyo. Nikageukia ukutani, nikajifunika khanga usoni. Nikasikia anautumbukiza mkono wa mtoto kwenye ndoo ya maji. Nilipochungulia, alikuwa ananusa lile kopo. Akambeba mjukuu wake kwenda hospitali, mimi nikawafuata kwa mbali.

Nesi akaniuliza, "Mama, umempaka nini huyu?"

Baba mkwe alikuwa amebaki nje, hawezi kuingia nilipo wala kunisemesha. Nililijua hilo vizuri, nikalitumia! Nikajibu, "Dawa ya mama mkwe, ya kienyeji."

Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakasikia. Kufika Jumapili kanisa zima lina habari: bibi kamharibu mjukuu. Hakuna aliyeleta mtoto tena. Siku moja nikamkuta mama mkwe anakiosha kile chungu, akatia chumvi ndani. Nikajiambia nitamwambia ukweli kesho. Kesho hiyo imekula miaka.

Baba mkwe alipofariki, nilipumua. Aibu gani hii, kupumua msibani! Tumpe naye amekua, kidole chake cha mwisho hakinyooki, kinamsumbua akichuma chai. Hajawahi kuniuliza kitu, na hilo ndilo linalonitesa.

Juzi mtoto wa Tumpe alianguka, akachubuka goti. Mama mkwe siku hizi haoni vizuri, anashinda mlangoni. Akaniita kwa upole.

"Mama Tumpe, mwanangu, lile kopo lako jekundu ulilitupa?"

Nikamuuliza alijuaje.

"Mzee aliniambia jioni ile ile. Alitaka kuita ukoo, nikamkatalia. Nikamwambia, wakijua watamrudisha kwao huyu mtoto wa watu, na Tumpe atabaki bila mama." Kisha akaniagiza nilete maji safi amwoshe mtoto goti.

Ee Mungu wangu! Miaka yote hiyo anapita njiani watu wananong'ona, anarudi nyumbani, anakula ugali niliousonga mimi! Nilimlilia miguuni. Akasema ameshasamehe, niache kumwagia mtoto machozi. Lakini wale waliomkimbia, nani amewaambia ukweli?

Kina mama, nawasihi. Mtoto akiungua, mkono kwenye maji safi ya baridi, kisha hospitali. Usimpake kitu usichokijua kwa sababu ya picha nzuri. Na nesi akiuliza, sema kweli, hata kama anayeujua ukweli hawezi kukusemesha.

Jumapili hii nitasimama mbele ya kanisa, nimemshika mama mkwe mkono. Mkisikia habari za mwanamke huyo wa Ikuti, jina langu mtakuwa mmelijua.